Kobe wa Kuokota na Suala la Kibali

Neno 'mnyamapori' huwakumbusha wengi simba na ndovu. Kisheria, hata hivyo, uwanja wake ni mpana zaidi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inawahusu pia watambaazi wa asili: kobe, kinyonga, chatu na kenge. Hivyo basi, kumwokota kobe kichakani au kumnunua kando ya barabara hakumpi mtu haki ya kumfuga. Risiti ya muuzaji si kibali. Kibali hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), nacho hutangulia kupatikana kwa mnyama.

Ukali huu una sababu. Yupo kobe bapa wa majabali ya Kenya na Tanzania, mwenye gamba laini, ambaye aghalabu hutaga yai moja tu kwa mkupuo. Biashara ya kumfuga majumbani ilichangia kumpunguza, na mwaka 2019 akaingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, unaopiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama wa aina hiyo waliotwaliwa porini. Jike mmoja akiondolewa mwambani, pengo lake halizibiki upesi.

Anayemkuta kobe aliyejeruhiwa na awaarifu maafisa wa KWS; huruma haichukui nafasi ya kibali.