Fahamu: Chipu inavyobashiri sifuri kabla jibu halijatoka

Toa 0.9998 kwenye 1.0000. Jibu ni 0.0002, lakini kompyuta hailihifadhi hivyo. Hulisogeza kushoto nafasi nne hadi tarakimu ya mwanzo isiwe sifuri, kisha hupunguza kipeo kwa nne. Ndani ya chipu hesabu hiyo hufanywa kwa sifuri na moja, na namba ya biti 64 huwa na tarakimu 53 za kusogezwa.

Tatizo ni foleni: kutoa kwanza, kuhesabu sifuri, ndipo kusogeza. Kila hatua inaisubiri iliyotangulia, na saa ya prosesa haina subira.

Mwaka 1990, Hokenek na Montoye wa IBM walieleza dawa iliyotumika kwenye kompyuta za RS/6000. Saketi ya pembeni hutazama namba mbili zenyewe wakati kutoa kukiendelea. Hulinganisha biti zilizo jirani na kukisia moja ya kwanza itaangukia wapi. Jibu likitoka, idadi ya nafasi za kusogeza iko tayari.

Ni makisio kweli, kwa sababu saketi haingoji kujua kama kuna mkopo utakaotoka kulia. Kuungoja ni kurudi kwenye foleni ileile. Hivyo huweza kukosea kwa nafasi moja, si zaidi, na msogezo mmoja wa ziada humaliza kosa. Nadhani huo ndio ujanja wenyewe: kukubali kosa dogo lenye mpaka unaojulikana.

Bei yake ni transista na umeme zaidi. Namba zikiachana sana, kama 9 kutoa 0.001, sifuri hazirundikani na ubashiri huo hauhitajiki.