Pikapu Ndogo Mpakani: Manufaa Yake, Mzigo Wake na Dhamana ya Mwenyewe

Miongoni mwa magari yanayozidi kuonekana katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, pikapu ndogo yenye kabini mbili imejipatia nafasi ya pekee. Kigobe, mtaa wa tarafa ya Ntahangwa unaojulikana zaidi kwa jumba la mikutano ambamo Bunge limekuwa likikutania, haupakani na nchi yoyote. Hata hivyo, pikapu inayolala Kigobe usiku huu yaweza kuwa Gatumba asubuhi, ikishusha bidhaa karibu na mpaka wa Kongo. Kesho ikawa Rumonge kufuata mawese. Na wiki ijayo ikawa Kobero, ikitazamana na Tanzania. Kwa sababu hiyo, habari za gari hili zawahusu wananchi wa mipakani kama zinavyowahusu wenye nalo.

Sisi tunaoandika makala haya tumekaa na gari la namna hiyo, likiwa jipya, kwa muda wa kutosha kulijua katika jua na katika mvua, likiwa tupu na likiwa limejaa. Tunakusudia kueleza tuliyoyaona katika matumizi ya kila siku, na hasa mambo matatu ambayo mnunuzi haelezwi siku anapokabidhiwa ufunguo: mzigo, barabara na dhamana.

Sifa zake

Kwanza tulitendee haki. Pikapu ndogo hupita katika vichochoro ambavyo lori haliwezi, hugeuka katika ua mwembamba, na huchukua familia kanisani au msikitini bila kuwanyima nafasi ya kukaa. Siku ya msiba hubeba viti na sufuria. Siku ya harusi hubeba kreti za vinywaji na ngoma. Mgonjwa akizidiwa usiku, ndilo gari la kwanza ambalo majirani hulikumbuka. Katika mtaa, mwenye pikapu huwa hana Jumapili ya kupumzika, na wengi wao huona fahari kwa hilo.

Zipo pia kero ndogo ndogo. Likiwa tupu, sehemu ya nyuma huwa nyepesi. Magurudumu huteleza upesi kwenye udongo uliolowa, na kila shimo la barabara husikika mgongoni mwa abiria. Vumbi la kiangazi huingia katika kila kilichowekwa nyuma bila turubai. Tairi la akiba, ambalo katika pikapu nyingi huning'inia chini ya bodi, huwavutia wezi. Ni busara kulifunga kwa mnyororo na kufuli, na kulitazama kila asubuhi. Gari lililosafiri mpaka Makamba na kurudi bila tairi la akiba limesafiri kwa bahati tu.

Hesabu ya mzigo

Kosa lililo kubwa kuliko yote katika matumizi ya pikapu ndogo ni kudhani kwamba nafasi ikiwapo, basi na uzito unaruhusiwa. Kila gari lina kibati, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachoonyesha uzito wa juu kabisa ambao gari pamoja na vyote vilivyomo haviruhusiwi kuuzidi. Toa uzito wa gari lenyewe, ulioandikwa katika hati zake, na kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba. Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba katika uwezo huo wamo pia watu walioketi kabinini.

Tuchukue mfano wa pikapu yenye uwezo wa kilo 700. Wakiketi watu watano wenye uzito wa wastani wa kilo 70, tayari wametumia kilo 350. Zilizobaki ni kilo 350, yaani mifuko 7 tu ya saruji ya kilo 50. Mfuko wa nane ni ziada. Kwa mawese, dumu la lita 20 lina uzito wa takriban kilo 18. Basi madumu 19 yanatosha kumaliza nafasi iliyobaki, ingawa bodi bado itaonekana kama ina nafasi kubwa.

Mchanga ndio unaodanganya zaidi. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa takriban kilo 1,600, na ukilowa huzidi hapo. Bodi ya pikapu ndogo hukaribia ujazo huo ikijazwa hadi ukingoni. Maana yake ni kwamba mwenye kujaza mchanga mpaka juu amebeba zaidi ya mara mbili ya uwezo wa gari lake, hata kama yumo peke yake. Springi zitastahimili mara ya kwanza na ya pili, kisha zitalegea. Na kabla hazijalegea, breki zitakuwa zimekwisha kukudai deni hilo.

Mzigo mzito nyuma huinua pua ya gari. Usukani huwa mwepesi mkononi kwa sababu magurudumu ya mbele hayaishiki barabara sawasawa, na taa, badala ya kumulika njia, huwapiga machoni wanaokuja mbele. Magari mengi mapya yana kitufe cha kushusha mwanga wa taa. Ni wachache wanaokitumia. Kadhalika, kibandiko kilicho karibu na mlango huonyesha viwango viwili vya upepo wa matairi: kimoja cha gari lisilo na mzigo, na kingine cha gari lililobeba. Kuongeza upepo kabla ya safari ya mzigo huchukua dakika chache, na huliepusha tairi na joto linaloweza kulipasua katikati ya safari.

Barabara zetu

Barabara ya Taifa ya Kwanza hupanda kutoka Bujumbura, ulioko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama iliyo zaidi ya mita 2,200, katika umbali usiofika kilomita 40. Kupanda hula mafuta. Kushuka hula breki. Dereva anayeshuka na mzigo huku mguu wake ukiwa juu ya breki muda wote huzipasha moto mpaka zishindwe kushika. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: shuka kwa gia ndogo, uiache injini izuie gari, na breki uziguse kwa vipindi. Ikumbukwe kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali ambao breki zinahitaji ili kusimamisha gari huongezeka mara nne. Na katika barabara hiyo kuna waendesha baiskeli wenye ndizi na makaa, na watoto watokao shule.

Upande wa Gatumba hatari ni maji. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika ukavunja makazi ya watu wengi, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likafunika nyumba na barabara za ukingoni. Urefu wa pikapu humpa dereva ujasiri usio na msingi. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 hutosha kuyumbisha na kusukuma gari dogo, na sentimita 60 huweza kulichukua karibu gari lolote la kawaida. Usipoiona barabara chini ya maji, usidhani ipo.

Kwa wavukao kwenda Tanzania, upo mtihani mwingine. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia. Tanzania, Kenya na Uganda upande wa kushoto. Aliyevuka Kobero kuingia Kabanga, au Mugina kuingia Manyovu, hubadilisha upande katika mita chache. Saa ya kwanza huwa haina tabu kwa kuwa dereva yu macho. Taabu huja baadaye, anapotoka kituo cha mafuta au anapoanza safari alfajiri barabara ikiwa tupu, mazoea yakamrudisha upande wa nyumbani. Abiria wa mbele na awe mkumbushaji wake.

Watu nyuma, mafuta nyuma

Tunajua kwamba usafiri ni haba, na kwamba ni vigumu kumwacha mama mwenye mtoto mgongoni kando ya barabara ilhali bodi ni tupu. Lakini bodi haina mkanda, haina paa, na ukuta wake haufiki kiunoni mwa mtu mzima aliyesimama. Gari likikwepa mbuzi ghafla, aliyeketi juu ya magunia hutupwa nje ingawa gari lenyewe halikupata hata mkwaruzo. Huruma ya kweli ni kumpa nafasi kabinini, au kwenda na kurudi mara mbili.

Hatari huwa maradufu watu wanapochanganywa na madumu ya mafuta. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, wengi wamejizoesha kusafirisha na kuweka akiba ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu kama moshi, bali hutambaa chini na kujikusanya ndani ya bodi, chini ya turubai, ukingoja cheche moja. Tena, haifai kamwe kujaza dumu likiwa juu ya bodi, hasa bodi iliyotandikwa plastiki. Umeme unaozalishwa na msuguano wa mafuta yanayomiminika hukosa njia ya kwenda ardhini, na huweza kuruka kama cheche kwenye mdomo wa dumu. Dumu liwekwe chini, juu ya ardhi, ndipo lijazwe. Nasi twarudia kwamba kuyavusha mafuta mpakani kwa njia za panya ni kosa, na kuyaficha chini ya miguu ya abiria ni kuyachezea maisha ya watu.

Dhamana ya mwenyewe

Tumefika kwenye jambo ambalo limewapotezea watu magari yao bila ajali yoyote. Katika mitaa yetu, kumwazima ndugu au jirani gari ni desturi njema, na asiyeazima huitwa mchoyo. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huruhusu kutaifishwa si bidhaa za magendo peke yake, bali pia chombo kilichozibeba. Bidhaa huenda zikawa za shemeji, safari ikawa ya rafiki yake, na mwenye pikapu akawa amelala Kigobe. Gari litakalozuiliwa ni lake.

Kwa hiyo kuazima kuwe na utaratibu, na utaratibu si dharau. Muulize mwazimaji anakwenda wapi, anabeba nini na anarudi lini. Andika kwenye daftari jina lake, tarehe na saa, naye atie sahihi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyependa kujibu maswali hayo matatu amekwisha kukujibu. Vivyo hivyo kwa mzigo wa kukodi: usifunge turubai juu ya kitu usichokiona, na usipokee vifurushi vya mtu asiyesafiri navyo. Na akitokea mtu mwenye haraka, akiahidi nauli kubwa kupita kawaida ili apitishwe usiku pasipo kituo, ujue kwamba ile ziada ya nauli ndiyo bei ya gari lako na uhuru wako.

Wafanyabiashara wadogo, ambao wengi ni akina mama, wana njia iliyo wazi zaidi. Utaratibu rahisi wa biashara katika Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mwenye bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani na kuvuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Pikapu moja ya mboga na nafaka mara nyingi haifiki thamani hiyo. Njia ya panya haina faida inayolipia hofu yake.

Kabla ya kuondoka

Msafiri na ahakikishe anazo hati hizi: leseni ya dereva; kadi ya gari, ambayo wengi wetu huiita karti roze; cheti cha ukaguzi; bima ya nchini; na akivuka, Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo huitanua bima yake hadi nchi nyingine zilizo katika mpango huo, Tanzania na Kongo zikiwamo. Gari likiwa si lake, awe na barua ya mwenye gari inayomtaja yeye na safari yenyewe. Ruhusa ya muda ya gari inayotolewa na forodha ya nchi ya ugenini ina tarehe ya mwisho. Isomwe siku ile ile inapotolewa.

Pikapu ndogo ni mtumishi mwema. Hulisha familia, huokoa wagonjwa, huzika wafu wetu kwa heshima. Inachodai ni mwenyewe anayejua kilo ngapi zimepakiwa, nani ameshika usukani, na nini kimefunikwa chini ya turubai. Asiyekuwa na hakika kuhusu hati au mzigo na aulize katika kituo cha polisi au cha forodha kilicho karibu naye kabla hajawasha gari.