Umeme wa Nyumbani na Radi za Majira ya Mvua

Uingiapo mwezi wa Novemba, mawingu huanza kujikusanya juu ya Ziwa Nyasa na milima ya Umatengo, na tangu hapo mpaka Aprili wakaazi wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi huishi pamoja na ngurumo. Hewa yenye unyevu hutoka ziwani ikapanda milimani, na ipaapo kwa nguvu ndipo mawingu ya radi yanapozaliwa. Mvua hiyo ni rehema, kwani ndiyo inayostawisha kahawa na mahindi yetu. Lakini katika nyumba za leo limo jambo ambalo wazee wetu hawakuwa nalo, nalo ni waya wa umeme.

Zamani radi ilipopiga mbali, mwenye nyumba alisikia kishindo tu. Mwaka 2018 mji wa Songea uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia kubwa ya umeme itokayo Makambako, na nyaya zimezidi kuenea katika mkoa wa Ruvuma. Hii ni neema, na kila neema ina adabu yake. Waya uletao mwanga waweza pia kuleta radi. Ikipiga waya, au hata ardhi iliyo karibu na nguzo, nguvu yake hukimbia katika waya mpaka ndani ya nyumba. Umeme wa soketi zetu ni volti 230. Wa radi huhesabiwa kwa mamilioni.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuzima swichi kunatosha. Radi iliyoruka kutoka mawinguni mpaka ardhini haizuiliwi na mwanya mdogo uliomo ndani ya swichi. Dawa ni kuchomoa plagi za redio, televisheni, jokofu na chaja za simu, na kuzichomoa mapema, wingu likiwa bado mbali. Ngurumo zikiwa zimekwisha kufika, usiziguse tena. Afadhali chombo kiharibike kuliko mkono ulioshika plagi. Wenye paneli za sola nao wasijione wamesalimika, kwa kuwa waya ushukao kutoka juu ya bati ni njia kama njia nyingine.

Utajuaje kama radi iko karibu? Wafundisheni watoto hesabu hii. Mwanga ukionekana, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ikiwa hazifiki 30, radi iko karibu kilomita 10 au chini yake, na kila mtu awe ndani ya nyumba. Wala asitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mvua imekatika. Aliye shambani asijikinge chini ya mti, na aliye ziwani aurejeshe mtumbwi pwani mapema.

Yako mambo mawili yatuhusuyo sisi hasa. La kwanza ni udhu. Mabomba ya chuma hupitisha umeme wa radi. Basi radi zikiwa karibu, tusitawadhe wala kuoga kwenye bomba, bali tutumie maji yaliyokwisha tekwa katika ndoo au birika. La pili ni adhana. Kipaza sauti kilichofungwa juu ya mnara kimeungwa kwa waya na kile alichokishika muadhini mkononi. Wakati wa radi na kiachwe, adhana itolewe kwa kinywa. Na anayeogopa kwenda msikitini akumbuke kwamba katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, usiku wa baridi na mvua Mtume (s.a.w.) alimwamuru muadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao.

Tufani ikipita, hatari haijapita. Waya ulioanguka usisogelewe, hata kama taa za mtaa mzima zimezimika, kwani waweza kuwa na umeme. Kaeni mbali nao mita 10 au zaidi, wazuieni watoto na mifugo, mkalipashe habari shirika la umeme. Maji yakiingia nyumbani na kufikia soketi, msiyakanyage kwenda kuzima swichi kuu. Na jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Mtu akinaswa na umeme wa nyumbani, usimshike. Zima kwanza swichi kuu. Lakini aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni bila hofu, na kama hapumui mkandamizeni kifua kwa nguvu na kwa haraka huku mkitafuta njia ya kumfikisha hospitali. Wengi hufa kwa kuwa wenzao waliogopa kuwagusa.

Hapa ndipo penye jambo zito. Tarehe 27 Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi 7 wa shule ya sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Msiba kama huo ukitokea, hawakosi watu wa kunong'ona kuwa radi imetumwa, wakamtazama jirani mzee kwa jicho baya. Ndugu zangu, Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ar-Raad, yaani Ngurumo, nayo yatufundisha kwamba radi iko chini ya amri ya Mola peke yake. Anayemsingizia jirani huongeza dhuluma juu ya msiba, na plagi iliyompasa kuichomoa huiacha pale pale.

Wala tusiseme kuwa kujihadhari ni upungufu wa imani. Nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwaamuru watu wazime moto kabla ya kulala. Taa zao zilikuwa za utambi na zetu ni za waya, lakini mafundisho ni yale yale. Basi wazee na vijana wa kila nyumba, leo hii, mbingu zikiwa nyeupe, agizaneni ni nani atakayechomoa plagi wingu litakapoonekana juu ya ziwa.