Moteri inazimika mlimani: muangalie nyaya kabla ya kununua kapteri

Kwenye mikutano na koperative za Masisi na Rutshuru, swali la gari linakuja mara nyingi kuliko swali la mbegu. Gari linatoka shambani vizuri na birayi, vitunguu ao maziwa. Likifika mlimani moteri inakosa nguvu, taa ya moteri inawaka kwenye dashibodi, kisha yote inazimika. Baada ya nusu saa inawaka tena kama vile hakukuwa kitu. Fundi anasema ni kapteri. Komite inatoa pesa, kapteri inabadilishwa, watu wanafurahi. Wiki mbili zikipita, ugonjwa unarudi palepale.

Mimi kazi yangu ni mimea. Lakini maziwa hayangoji, na birayi zilizolala siku mbili ndani ya magunia yenye kuloana munajua namna zinafika Goma. Tena, kukwama usiku kwenye njia zetu si shida ya biashara tu. Njo maana nimekaa na mafundi wa garaji hapa Goma, nikauliza, nikaangalia wakipima, na hapa ninaandika kile ambacho mwanachama anapaswa kujua ili asilipe mara tatu kwa ugonjwa mmoja.

Kapteri ni kifaa kidogo kinachopima kitu kwenye moteri na kupeleka habari kwa waya. Moteri za zamani hazikuhitaji sana hizo. Ile 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, litre 4.2, pompe yake ya mazutu ni ya chuma tupu. Ikipata umeme wa kufungua mazutu, inaendelea kutembea hata kapteri za dashibodi zikikufa zote. Moteri mpya, kama D-4D ya Hilux, ziko tofauti. Kompyuta ndogo, ambayo mafundi wanaiita kalkilateri, njo inaamua mazutu kiasi gani iingie na saa gani. Haioni kitu kwa macho. Inategemea kapteri ya mzunguko wa moteri, ya joto la maji, ya presha ya mazutu, ya hewa inayoingia, ya pedali ya mafuta. Waya mmoja ukileta habari ya uongo, kompyuta inafuata uongo huo.

Sasa muangalie magari yetu yenyewe. Mengi ni magari ya projet: shirika lilimaliza kazi yake, likaachia koperative kamioneti yenye miaka mingi. Moteri ya kwanza ikakufa. Koperative ikanunua moteri ya okazyo, iliyotoka Dubai ao Kampala, na kule waliyoitoa walikata nyaya kwa haraka ili kazi iishe. Hapa fundi anaunganisha waya moja moja, moteri ya gari moja na nyaya za gari lingine. Kisha karosri inaongezwa vyuma ili ibebe magunia mengi. Kila kiungo cha waya alichokitengeneza ni mahali ambapo gari linaweza kuugua kesho, na mara nyingi viungo hivyo vimesokotwa kwa vidole na kufungwa skochi tu. Skochi ikipata joto la moteri, gundi yake inayeyuka na inafunguka yenyewe.

Na Goma haina huruma kwa nyaya. Barabara za mawe ya volkano zinatikisa gari kutoka asubuhi hadi jioni. Vumbi nyeusi inaingia kila mahali. Upande wa Rusayo na Sake munajua vile moshi wa Nyiragongo unafanya mvua kuwa kali, inachoma majani ya maharagwe na kula mabati ya nyumba. Maji hayo yakiingia ndani ya fishi ya waya, shaba inageuka kijani, na kijani hicho hakipitishi umeme vizuri. Tuongeze panya: gari linalolala na mabaki ya mahindi linawaita, na wakimaliza mahindi wanatafuna nyaya.

Nieleze namna waya unavyodanganya, juu hapa njo pesa zinapotea. Tuchukue kapteri ya joto la maji. Ndani yake kuna kitu kinachozuia umeme sana kikiwa baridi, na kidogo kikiwa moto. Kwenye magari mengi ya Toyota, kwa nyuzi 20 inaonyesha kati ya ohm 2,000 na 3,000. Kwa nyuzi 80, moteri ikiwa na joto lake la kazi, inaonyesha karibu 300. Kompyuta inasoma namba hiyo tu. Sasa weka kiungo kibaya katikati ya njia, chenye uchafu wa kijani, kinachoongeza ohm 2,000. Ile 300 ya kweli na 2,000 ya uongo inafanya 2,300. Moteri ina moto, lakini kompyuta inaona moteri ya nyuzi 20, kama imeamka sasa hivi asubuhi ya baridi. Inaipa mazutu kama ya kuamsha. Moshi unatoka, mazutu inakwisha haraka, na siku maji ya radiateri yatachemka kweli, kompyuta haitajua. Mshale wa dashibodi mara nyingi uko na njia yake nyingine, kwa hiyo shofere naye haoni tofauti.

Na kwa nini kapteri mpya inaonekana kuponyesha? Kwa sababu fundi alipoibadilisha alichomoa fishi na kuichomeka tena. Ule msuguano ulikwangua uchafu kidogo. Umeme ukapita siku kumi, siku kumi na tano, kisha unyevu ukarudi. Ni sawa na mahindi yenye majani ya manjano katika shamba linalosimama maji: unaweka urea, jani linapata rangi kidogo, lakini mzizi bado unaoza ndani ya maji.

Kazi ya kutafuta inaanza kwenye masi, yaani waya mnene unaorudisha umeme kutoka moteri kwenda chasi na batri. Moteri imekaa juu ya mipira. Bila waya huo haijagusana vizuri na gari. Katika kubadilisha moteri, waya huu unasahauliwa sana, ao unafungwa juu ya rangi na kutu. Hapo umeme mkubwa wa starteri unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapita kwa kebo na kwa nyaya nyembamba za kapteri, na unaziunguza. Nimeona kamioneti iliyobadilishiwa kapteri tatu, na shida yote ilikuwa boliti moja ya masi. Kuipima ni kazi ya dakika moja: multimetre kwenye volti, ncha moja juu ya chuma cha moteri, nyingine juu ya alama ya kutoa ya batri, mtu mwingine azungushe starteri. Chini ya volti 0.2 ni nzuri. Ikipita 0.5, msinunue kitu chochote kabla ya kukwangua na kufunga masi upya.

Multimetre ya kawaida inapatikana Birere kwa bei ambayo koperative yoyote inaweza, na ni chombo cha kwanza ningeomba komite inunue. Musiruhusu fundi atumie taa ya kujaribu, ile balbu yenye waya mbili, kwenye nyaya za kapteri. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko nyaya hizo zilivyotengenezewa, na inaweza kuua kompyuta.

Baada ya masi, moteri ikiwa inazunguka polepole, fundi atikise furushi la nyaya kwa mkono, kipande kwa kipande, mbali na mikanda na feni. Moteri ikikohoa mahali fulani, hapo njo pa kufungua. Kisha apime kapteri mara mbili. Mara ya kwanza juu ya kapteri yenyewe, fishi ikiwa imechomolewa. Mara ya pili, fishi ikiwa imerudishwa na batri imetolewa, apime kwenye nyaya zilezile upande wa kompyuta, fishi ya kompyuta ikiwa imefunguliwa. Namba hizo mbili zinapaswa kuwa karibu sawa. Tofauti yake njo ule uongo wa waya, na fundi yeyote anaweza kuwaonyesha kwa macho yenu. Jambo lingine: kontakti ikiwa imefunguliwa na fishi ya kapteri ya joto iko nje, kati ya waya zake mbili kunapaswa kuwa karibu volti 5. Kama volti 5 zinaonekana ukipima na chasi, lakini hazionekani ukipima waya kwa waya, basi waya wa kurudi umekatika. Mafundi wengine hapo wanauunganisha na chasi na kwenda nyumbani. Si vizuri. Waya wa kurudi wa kapteri unapaswa kufika kwenye kompyuta yenyewe, bila hivyo kila taa na starteri zinaingia katika kipimo.

Kapteri nazo zinakufa, sikatai. Ile ya mzunguko wa moteri, kwa magari mengi, ni sumaku yenye waya mwembamba uliozungushwa ndani. Waya huo ukiwa na ufa, unashikana ukiwa baridi na kuachana ukiwa moto. Ndiyo ile moteri inayozimika mlimani na kuwaka baada ya nusu saa. Lakini ugonjwa huo unaonekana kwa kipimo: apime ikiwa baridi, apime tena palepale moteri inapozimika na moto wake. Ikiwa namba inapotea kwa moto, hapo munaweza kununua bila wasiwasi. Kapteri hii pia inahitaji waya zake mbili zisokotane, ao ziwe ndani ya ngozi yake ya chuma, na zisibadilishane upande. Fundi akiweka waya wa kawaida unaopita karibu na alternateri, kompyuta itasikia makelele badala ya mzunguko.

Kiungo kizuri kinatengenezwaje? Waya uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi ndani, milimita za mraba 0.5 ao 0.75 kwa kapteri. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu unavunjika kwa mtikisiko. Tunauona kila mahali na ungepaswa kukatazwa. Fundi akate hadi apate shaba inayong'aa, si nyeusi wala kijani. Kwanza apitishe kijibomba cha plastiki kinachojikaza kwa moto, kile chenye gundi ndani, kwa sababu baadaye hakitapita tena. Asokote nyaya, azichomelee kwa risasi ya umeme, ao atumie kiunganishi cha kukandamiza na koleo yake ya kweli, si meno ya pensi. Kisha asogeze kijibomba juu na kukichoma mpaka gundi itoke kidogo pembeni. Viungo visikae vyote mahali pamoja. Kila kimoja kiachane na mwenzake sentimita tano hivi, la sivyo furushi linakuwa nene na ngumu pale na linavunjika pembeni yake. Furushi lifungwe kwenye chasi lisitikisike, liwe mbali na bomba la moshi, na fishi ziangalie chini ili maji yadondoke.

Kuna hatari tatu za kusema bila kuzunguka. Mukichomelea vyuma vya karosri, mutoe kwanza nyaya za batri na fishi ya kompyuta. Kompyuta nyingi zimekufa siku ya kuongezewa karosri, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Moteri ikizunguka, mtu asiguse nyaya za enjektere, juu umeme wake kwa moteri nyingi za aina hii unapita volti 100. Na bomba za mazutu za moteri hizo zisifunguliwe ikiwa inazunguka: presha inapita bar 1,000, mazutu inapenya ngozi ya mkono kama sindano, na mtu anaweza kupoteza mkono.

Upande wa komite, ninaomba jambo moja ambalo halina gharama kubwa. Gari lililobadilishwa moteri halina tena kitabu kinacholifaa. Basi muliandikie chake: kaieri ya kawaida ndani ya mfuko wa plastiki, iliyofungwa ndani ya gari. Siku fundi anapounganisha nyaya, alipwe sehemu ya mwisho akishachora: waya wa rangi gani upande wa moteri umeungana na rangi gani upande wa gari, kiungo kiko wapi, namba ya kompyuta na namba ya moteri. Kila kipimo kiandikwe na tarehe yake. Kapteri ya zamani irudishwe kwa komite, isibaki garaji. Kama ilikuwa nzima, munayo ya akiba. Na kabla ya kutia sahihi ya pesa za kapteri mpya, mwekahazina aulize fundi namba gani aliiona kwenye multimetre. Fundi mzuri hatakasirika kwa swali hilo. Yule anayejibu "mimi najua tu" mungoje kwanza, mutafute mwingine apime.

Kwa panya: mufagie karosri kila jioni baada ya kupakua mahindi, na asubuhi shofere afungue kapo na kuangalia kabla ya kuwasha. Mavi ya panya juu ya moteri yanaonekana haraka kuliko waya uliotafunwa.