Mtoto ana siko seli, umtoe shule asomee nyumbani?

Mama mmoja alikuja kliniki mwezi Mei na mwanawe wa miaka 8, mwanafunzi wa darasa la pili. Siku hiyo mtoto hakuwa na homa wala maumivu. Mama ndiye aliyekuwa na shida.

“Dokta, baba yake anataka tumtoe shule. Anasema atatafuta mwalimu wa tuisheni aje nyumbani, mtoto asome tukimwona. Mimi sijui nikubali au nikatae.”

Mtoto huyo ana selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli. Wiki chache kabla alikuwa amelazwa siku 9. Asubuhi ya mvua alikimbia mchakamchaka na wenzake, akaingia darasani na shati bichi, na kufikia saa nne alikuwa analia miguu na mgongo. Mwalimu alidhani anadeka. Baba alipopigiwa simu na kufika, alimkuta amelalia dawati, hawezi kusimama. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya shule.

Ni rahisi kumwelewa baba huyu, na hayuko peke yake. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wanaofikia umri wa kuanza shule huwaacha wazazi na swali hilohilo, hasa baada ya mtoto kulazwa mara ya pili au ya tatu.

Tulihesabu siku

Mtoto alikuwa na begi lake la shule. Nilimwomba mama tufungue daftari la hesabu, kwa sababu kila ukurasa una tarehe. Kati ya Januari na siku ile zilikosekana siku 26 za masomo. Tukazilinganisha na kadi ya kliniki na kumbukumbu za mama.

Siku 9 alikuwa wodini. Siku 4 alikuwa kliniki au nyumbani akipona. Siku 13 zilizobaki, yaani nusu nzima, hakuwa mgonjwa kabisa.

Kuna siku mama aliona wingu zito akambakiza. Kuna siku macho yalikuwa ya njano kidogo akaogopa, ingawa kwa mtoto wa siko seli macho ya njano ya kawaida yake, bila homa wala maumivu, hayamzuii kusoma. Na kuna siku mtoto mwenyewe aligoma. Nilipomuuliza sababu aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, “Nitakojoa.”

Mama yake hakuwa amelisikia hilo hata mara moja.

Siko seli huziathiri figo mapema. Hushindwa kuukoleza mkojo, kwa hiyo mtoto hutoa mkojo mwingi na mwepesi, mchana na usiku. Ndiyo maana wengi wao hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa, na kuwachapa hakusaidii kitu. Mtoto huyu akiomba ruhusa ya chooni mara ya tatu, aliambiwa asubiri kengele. Siku moja alijilowesha, darasa zima likamcheka. Baada ya hapo akajitafutia dawa yake: tangu anapoamka hadi anaporudi nyumbani saa nane, hanywi maji.

Kwa mtoto wa aina hii hiyo ni hatari kubwa. Chembe nyekundu za damu zikipungukiwa maji hujikunja kama mundu kwa urahisi zaidi, zikanasa kwenye mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Baridi na mazoezi ya kuchosha navyo huchochea hali hiyo. Asubuhi ile ya mvua alikuwa na vyote vitatu: kiu, baridi na mbio.

Kwa hiyo baba hakukosea aliposema shule ilimuumiza mtoto. Lakini kilichomuumiza ni mambo ambayo mwalimu anaweza kuyabadilisha kesho asubuhi bila kutumia hata shilingi moja.

Nyumbani nako kuna gharama

Nilimuuliza mama: akibaki nyumbani, nani atakuwa naye? Yeye huuza chakula tangu alfajiri hadi saa tisa. Baba anaendesha bodaboda. Mwalimu wa tuisheni angekuja saa 2 kwa siku. Saa zilizobaki mtoto angekaa na dada wa kazi mwenye umri wa miaka 17, ambaye hajawahi kuelezwa dalili za hatari. Shuleni angalau kuna watu wazima kadhaa na simu.

Nyumbani mbu wapo, na malaria ni adui mkubwa wa watoto hawa. Baridi ipo. Kinachokosekana ni wenzake. Watoto wenye siko seli mara nyingi huwa wadogo kwa umbo na huchelewa kubalehe, kwa hiyo tayari wanajiona tofauti. Kumtenga na watoto wa rika lake ni uamuzi mzito, na baadhi yao hulichukulia kama adhabu ya kuugua.

Kuna na sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikisha miaka 7 na ahakikishe anahudhuria hadi amalize elimu ya msingi. Mitihani ya kitaifa ya msingi nayo mtoto husajiliwa kupitia shule. Mzazi anayemtoa mtoto kimyakimya anaweza kujikuta hana pa kumfanyishia mtihani miaka michache baadaye. Hata kama afya inalazimisha asome nyumbani, jina libaki kwenye rejista na mwalimu mkuu awe na barua ya daktari.

Mwalimu akisema “mzito”

Baba alikuwa na hoja nyingine: mwalimu alisema mtoto ni mzito kuelewa, anasahau alichofundishwa jana. Baba aliona labda akifundishwa peke yake atashika.

Hoja hii isipuuzwe, lakini jibu lake lisianzie kwenye tuisheni. Siko seli inaweza kuziba mishipa ya ubongo. Bila tiba ya kinga, takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye aina kali ya ugonjwa huu hupata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20. Wengine wengi zaidi hupata madhara madogo kwenye ubongo yasiyopindisha mdomo wala kulegeza mkono, ila yanapunguza kumbukumbu na umakini. Mzazi huona alama zinashuka tu. Upungufu wa damu na siku 26 za kukosa masomo navyo vinatosha kumrudisha mtoto nyuma.

Mtoto wa miaka 2 hadi 16 anapaswa kupimwa mishipa ya kichwani kwa ultrasaundi kila mwaka, pale huduma hiyo inapopatikana. Kipimo hakina maumivu, na kikionesha hatari kuna tiba ya kupunguza uwezekano wa kiharusi. Huyu hakuwahi kupimwa. Tulimwandikia.

Jingine lililojitokeza ni dawa. Alikuwa ameandikiwa haidroksiyurea mwaka uliopita, akaitumia mwezi mmoja, ikaachwa kwa sababu jirani alimwambia baba kuwa ni dawa ya saratani. Ni kweli hutumika pia kwa baadhi ya saratani. Lakini kwa siko seli, utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionesha kuwa walioitumia walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Inahitaji kupima damu mara kwa mara na huchukua miezi kabla faida haijaonekana, hivyo mwezi mmoja hautoshi kuihukumu. Kwa maoni yangu, kumtoa shule mtoto ambaye hajapewa nafasi ya kutumia dawa hii ipasavyo ni kuanza na hatua ya mwisho.

Lini nyumbani ni sahihi

Zipo nyakati ambazo mimi mwenyewe humwambia mzazi ambakize. Baada ya kiharusi, baada ya upasuaji, nyonga inapoharibika kiasi cha kushindwa kutembea hadi shuleni, au anapolazwa mara kwa mara wakati dawa bado inarekebishwa. Hapo masomo ya nyumbani yawe na muda wake, tuseme muhula mmoja, kisha hali iangaliwe upya.

Katika kipindi hicho usimkalishe mtoto saa 6 kama yuko darasani. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni zinatosha kuanzia, na siku ya homa aachwe apumzike. Mwombe mwalimu wa darasa akupe kazi za wiki, na rafiki yake mmoja alete daftari Ijumaa. Huyo rafiki ana faida kuliko daftari lenyewe.

Barua ya shule

Kwa mtoto huyu tuliandika barua yenye mambo machache: akae na chupa ya maji darasani; aende chooni bila kuomba; asikimbie mchakamchaka wala kufanya usafi kwenye mvua na baridi; asipewe adhabu ya kuruka kichura, kukimbia au kupiga magoti juani; aruhusiwe sweta hata wengine wakiwa hawajavaa. Michezo ya kawaida acheze, ila apumzike akichoka.

Tuliandika pia lini mwalimu apige simu bila kusubiri: homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba ghafla, kupauka, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu, na maumivu yasiyotulia.

Kwa watoto wa kiume lipo moja ambalo halikuandikwa, aliambiwa mtoto mwenyewe mama akiwepo. Uume unaweza kusimama wenyewe kwa muda mrefu na kuuma. Wavulana huficha kwa aibu hadi wanaharibika. Aseme mapema, anywe maji, ajaribu kukojoa. Ikizidi saa 2 ni hospitali.

Walikubaliana abaki shule hadi Desemba, wakihesabu siku anazokosa na sababu ya kila moja. Baba, ambaye alikuja kliniki iliyofuata mwenyewe, aliisoma nakala ya barua mara mbili. Akaomba namba yake ya simu iandikwe juu kabisa, kwa wino mwekundu.