Diski Ikibadilishwa Jina, Rekodi Zako Zinaenda Wapi?

Mteja wetu mmoja, mwenye duka la jumla, alitupigia simu kompyuta yake ilipoharibika. Hakuwa na wasiwasi sana: kila jioni alichomeka diski ya nje, na Linux ikanakili rekodi yenyewe. Lakini alipofungua diski zake 2, nakala ya mwisho ilikuwa ya wiki 3 zilizopita. Taarifa ya tili tulimtumia tena. Mauzo ya pesa taslimu na madeni ya wateja? Hayo hatukuwa nayo.

Shida ilikuwa jina. Programu yake iliambiwa itafute /dev/sdb. Hilo si jina la diski moja maalum. Linux hugawa herufi kadiri inavyoziona diski. Ukichomoa diski bila kutumia umount kwanza, jina la zamani linaweza kubaki limeshikiliwa, na inayofuata ikaitwa /dev/sdc. Kwa hivyo sdb haikupatikana, na rekodi zikaandikwa kwenye folda tupu ndani ya kompyuta ileile.

Ni kama kutuma pesa kwa "yule wa pili kwenye foleni". Wewe hutuma kwa nambari, sivyo? Diski pia ina nambari:

• /dev/disk/by-id: modeli na nambari ya kiwandani. Kwa kawaida haibadiliki hata ukihamisha tundu.
• /dev/disk/by-uuid: nambari ya mfumo wa faili. Ukiifomati diski upya, inabadilika.
• /dev/disk/by-path: hii hutambua tundu, si diski. Kama unabadilishana diski, usiitegemee.

Fanya hivi:

1. Andika sudo blkid, unakili UUID ya kila diski.
2. Kwenye /etc/fstab, ipe kila diski folda yake kwa UUID, si kwa sdb. Ongeza nofail ili kompyuta iwake hata diski ikiwa haipo.
3. Kabla ya kunakili, programu itumie mount, kisha ihakikishe kwa mountpoint. Diski isipopatikana, isimame na kukuonya.
4. Ukimaliza, umount kwanza, ndipo uchomoe.

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inakutaka uhifadhi rekodi za biashara kwa miaka 5. Kwa hivyo jioni ya leo, kabla hujafunga duka, fungua diski yako uangalie tarehe ya faili ya mwisho. Ikiwa si ya jana, anza na hatua ya 1.