Leonty Benois: Babu aliyejengea wafalme kaburi, wanafunzi wake wakamjengea Lenin

Kama utotoni ulitazama katuni ya Robin Hood, ile ya 1973, basi unamkumbuka yule simba mwoga, Prince John, anayenyonya kidole kila akitajiwa mamake. Sauti ile ni ya Peter Ustinov, Mwingereza aliyeshinda tuzo ya Oscar mara mbili. Sasa ukifuata ukoo wake unafika mbali. Nyanyake mzaa baba, Magdalena Hall, alizaliwa Ethiopia mwaka wa 1868, kwenye ngome ya Maqdala, mwaka uleule Waingereza walipoivamia na Mfalme Tewodros akajiua badala ya kushikwa. Babake Magdalena alikuwa akimtengenezea Tewodros mizinga, na upande wa mamake kulikuwa na damu ya Kihabeshi.

Lakini hiyo ni nusu moja. Babu yake mzaa mama ndiye ninayemtaka leo: Leonty Benois, msanifu majengo wa Urusi. Jamaa huyu bana, maisha yake ni sinema.

Huku kwetu Ndalu ukitafuta fundi wa nyumba, mara nyingi hawakuulizi cheti. Wanauliza huyo ni kijana wa nani, na alishika mwiko chini ya nani. Mimi chuo niliachia katikati, kwa hivyo maswali kama hayo nayapenda. Na kwa Benois majibu yanajaa ukurasa.

Ukoo ulianza jikoni. Babu yake, Louis Jules Benois, alikuwa mpishi wa keki Mfaransa aliyehamia Urusi mwaka wa 1794, wakati kwao mapinduzi yalikuwa yamechacha. Akaishia kuwapikia wakubwa wa ikulu. Mwanawe Nicholas akawa msanifu majengo, akajenga mazizi ya farasi wa mfalme pale Peterhof, na usiseme ni mazizi tu, ukiyaona utadhani ni kasri. Nicholas akamwoa Camilla Cavos. Babake Camilla, Alberto Cavos, ndiye aliyejenga ukumbi wa Mariinsky kule Saint Petersburg na kuujenga upya ule wa Bolshoi, Moscow, baada ya kuungua. Na babake Alberto alikuwa mtunzi wa muziki kutoka Venice.

Leonty alizaliwa Peterhof mwaka wa 1856 ndani ya nyumba hiyo. Kakake Albert alikuwa mchoraji wa rangi za maji. Mdogo wake Alexandre alichora mapambo ya jukwaani ya kundi la ngoma la Diaghilev, lililoitikisa Paris. Dada yao aliolewa na mchongaji sanamu, akamzaa Zinaida Serebriakova, mmoja wa wachoraji wanawake wanaojulikana zaidi Urusi. Hebu fikiria chakula cha jioni kwa watu hao. Nani alikuwa anapata nafasi ya kuongea?

Leonty aliingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme akiwa kijana, akatoka 1879 na medali ya dhahabu. Baadaye akarudi kufundisha, na akawa mkuu wa chuo mara mbili: 1903 hadi 1906, kisha 1911 hadi 1917. Mtu atasema ni jina la babake lilimfungulia mlango. Pengine. Lakini jina halibebi paa, na kazi zake nyingi bado zimesimama.

Pale Saint Petersburg alijenga hospitali ya uzazi iliyomalizika 1904. Alikamilisha pia, mwaka wa 1908, jengo la kuzikia jamaa wa mfalme ndani ya ngome ya Petro na Paulo, kazi aliyoirithi baada ya wasanifu waliomtangulia kufariki. Halafu kuna ploti. Ndiyo, ploti ya kupangisha, ila si kama zile zetu za choo kimoja kwa milango kumi. Kati ya 1911 na 1914 yeye na wenzake wa ukoo wa Benois walijengea kampuni ya bima jumba kubwa kwenye barabara ya Kamennoostrovsky, lenye nyumba karibu 250. Ile ilikuwa ploti ya wenye pesa. Serikali ya kikomunisti ilipoingia, wakubwa wapya walihamia humo humo. Sergei Kirov, bosi wa chama wa mji huo, aliishi pale hadi alipouawa 1934, na nyumba yake sasa ni makumbusho.

Mkewe Leonty, Maria Sapozhnikova, alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Astrakhan. Alikuja na picha ndogo ya Bikira Maria akicheza na mtoto. Mwaka wa 1909 ilionyeshwa hadharani, na wataalamu wakaanza kusema hii ni kazi ya Leonardo da Vinci. Yaani nyumbani umetundika Leonardo ukutani! Muuzaji mkubwa wa sanaa kutoka London akaitaka. Maria akaamua ibaki Urusi, akaliuzia jumba la Hermitage mwaka wa 1914 kwa rubo 150,000, bei ya chini kuliko aliyoahidiwa na yule muuzaji. Mpaka leo picha hiyo inaitwa Madonna ya Benois. Kusema kweli, jina la Leonty linajulikana duniani kwa picha ya mkewe kuliko kwa majengo yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa ile inayoniuma. Poland wakati huo ilikuwa chini ya Urusi. Mwaka wa 1894 ujenzi wa kanisa kuu la Alexander Nevsky ulianza katikati ya Warsaw, kwa mchoro wa Benois. Lilimalizika 1912, na mnara wake wa mita 70 ukawa mrefu kuliko jengo lolote mjini. Hiyo ndiyo ilikuwa nia: kila Mpoland akiinua macho aone nani mkubwa. Poland ikapata uhuru 1918. Kufikia 1926 kanisa halikuwepo tena. Miaka kumi na minane ya kujenga, kumi na minne hivi ya kusimama, basi. Nguzo zake za thamani zikapelekwa kupamba kaburi la Piłsudski, kiongozi wa Poland huru, na baadhi ya michoro ya vijiwe ikaenda kanisa la Baranavichy, Belarus ya leo.

Sisi tunawaelewa Wapoland. Sanamu ya Lord Delamere iling'olewa Nairobi 1963, na ile ya Malkia Victoria pale bustani ya Jeevanjee ikaangushwa 2015. Lakini All Saints, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917 na gavana wa mkoloni, hatukuigusa. Watu waliingia, wakaketi, wakaifanya yao, na miaka ya tisini ikawa kimbilio la waliokuwa wakidai mageuzi. Mimi naona tofauti iko hapo. Kanisa la Warsaw watu wengi wa mji hawakuwa na sababu ya kuingia, kwa kuwa walikuwa Wakatoliki na lile lilikuwa la Waothodoksi. Walikuwa wakiliona tu kutoka nje.

Leonty aliyaona yote hayo akiwa mzee. Mapinduzi ya 1917 yaliondoa wateja wake wote kwa pigo moja. Jengo lake la maonyesho ya sanaa, lililoanza 1914, lilikamilika 1919 baada ya vita na mapinduzi kupita juu yake. Siku hizi ni sehemu ya Makumbusho ya Urusi na linaitwa jengo la Benois. Albert na Alexandre walihamia Ufaransa. Bintiye Nadia, mchoraji, aliolewa 1920 na mwana wa yule Magdalena wa Maqdala, wakaondoka. Leonty alibaki.

Na hapa swali la fundi alifunza nani lina jibu tamu. Mwanafunzi wake Alexey Shchusev ndiye aliyechora kaburi la Lenin pale Moscow. Mwalimu alijengea wafalme makaburi, mwanafunzi akamjengea aliyewang'oa. Mwanafunzi mwingine, Lev Rudnev, alitumwa Warsaw katika miaka ya 1950 na serikali ya Stalin kujenga Kasri la Utamaduni na Sayansi, mnara wa mita 237. Wapoland wamebishana miaka na miaka kama waubomoe. Bado uko.

Leonty alikufa Februari 1928, mji ukiwa tayari unaitwa Leningrad. Mjukuu wake alikuwa London, mtoto wa miaka sita.